Kufundisha Muundo wa Kampuni: Kutoka Msafara wa Unyamwezi hadi Maabara ya Kiwanda

Utangulizi

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifundisha somo la muundo wa kampuni katika darasa la sita. Nilichora ubaoni visanduku saba, nikaviunganisha kwa mistari, nikaandika katika kile cha juu kabisa neno "Meneja". Watoto walinakili kwa utulivu. Nilipouliza kama kuna swali, mmoja wao alisimama akasema: "Mwalimu, huyu wa juu anajuaje yanayotokea kwa huyu wa chini?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aketi, amalize kunakili.

Tangu hapo, kila niendapo kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, nimewaona wengi wakichora visanduku vile vile na kuishia pale pale nilipoishia mimi. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi somo hili linavyoweza kujengwa juu ya swali la mtoto yule. Muundo wa kampuni si orodha ya vyeo. Ni njia ambayo maarifa hupita kutoka kwa ajuaye hadi kwa aamuaye, na amri hupita kutoka kwa aamuaye hadi kwa atendaye. Mahali pa mwanasayansi katika kiwanda hapafahamiki mpaka jambo hili lifahamike kwanza.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa vipindi vinne mwanafunzi aweze: (a) kueleza kazi ya mwenye mtaji, msimamizi na mtendaji, (b) kutofautisha kampuni ya hisa na chama cha ushirika, (c) kutaja kazi za kisayansi zilizomo kiwandani na kueleza kila moja inazuia hasara gani, (d) kueleza kwa mfano yanayotokea maarifa yasipomfikia mwamuzi kwa wakati.

Zana zinazohitajika ni chache: asali kidogo, chupa mbili safi, mkebe wa udongo wa mfinyanzi, mkebe wa udongo wa kichanga, na karanga zenye maganda.

Kipindi cha kwanza: Msafara

Mwalimu wa Tabora ana bahati ambayo wengine hawana. Mji wake uko juu ya njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikaendelea Ujiji. Aanze hapo, kwa kuwa watoto wamekwisha kusikia habari za wapagazi kwa wazee wao.

Awaulize: watu mia tano wakisafiri kwa miguu kwa miezi mitatu, nani ataamua walale wapi? Nani atagawa chakula? Nani atajua kama mzigo umepotea? Majibu yao yenyewe yatajenga muundo. Kule pwani na Unguja walikuwako wenye mali, wakiwamo Wahindi waliowakopesha wafanyabiashara bidhaa. Hao ndio wenye mtaji. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Wapagazi walikaa katika makundi, kila kundi na mnyampara wake. Walikuwapo askari, walikuwapo wapishi. Kila mpagazi alichukua mzigo wa yapata frasila mbili, yaani kilo thelathini na zaidi kidogo, akapewa posho ya njiani na ujira wake.

Hapa mwalimu awaonyeshe watoto kwamba maneno ya njia ile yangali hai. Msimamizi wa vibarua huitwa nyapara hata leo, na mfanyakazi wa ofisini hupokea posho anapokwenda safari.

Kisha aingie katika kiini cha somo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali. Ilipolazimu kuvuka mahali pasipo maji, msafara ulijaza vibuyu, ukaondoka adhuhuri badala ya alfajiri, ukalala porini bila kisima, na kuyafikia maji kesho yake asubuhi. Wageni waliopita njia hiyo waliuandika mwendo huo kwa jina la terekeza au tirikeza. Je, ni nani aliyejua kwamba siku fulani lazima iwe hivyo? Si mwenye mali aliyekaa Unguja. Ni waliokwisha kuipita njia. Mwenye msafara ambaye hakuwasikiliza angepoteza watu na mali pamoja.

Mwalimu asiufiche upande wa pili. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu. Watoto waelewe kwamba mpango mzuri wa kazi unaweza kutumikia jambo baya, na kwa hiyo swali la "kazi hii ni kwa faida ya nani?" liulizwe kila mara.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilikwisha. Lakini haja ya mwenye mtaji, msimamizi, mtendaji na mjuzi wa njia haikwisha.

Kipindi cha pili: Kampuni na ushirika

Sasa visanduku vinaweza kuchorwa, maana kila kimoja kimekwisha kupata mtu. Katika kampuni ya hisa, wenye hisa huchagua bodi ya wakurugenzi. Bodi huweka meneja mkuu. Chini yake huwamo idara za uzalishaji, fedha, mauzo na utumishi. Katika Tanzania Bara kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Inatosha mwanafunzi ajue kwamba kampuni iliyosajiliwa ni kama mtu mbele ya sheria: inaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa.

Chama cha ushirika ni tofauti. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana kura nyingi. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe na mizinga mitano au mia tano. Mfano uko karibu: Tabora inasifika kwa asali ya misitu ya miombo, na wafuga nyuki wake wamekuwa wakijiunga katika vyama vya ushirika.

Kipindi cha tatu: Mwanasayansi kiwandani

Watoto wengi hudhani kwamba sayansi humfaa daktari na mwalimu tu. Asiyetazamia kuwa mmoja wao huacha kuitilia maanani mapema, na hasara hiyo hairudishwi kwa urahisi. Mwalimu aivunje dhana hii kwa jaribio.

Wiki moja kabla ya kipindi, tia asali tupu katika chupa ya kwanza. Katika ya pili, changanya kijiko kimoja cha asali na vijiko vitatu vya maji. Zifunike kwa kitambaa, usizibe kwa nguvu, maana hewa itakayotoka inaweza kuipasua chupa. Baada ya siku kadhaa chupa ya pili itatoa mapovu na harufu ya kuchachuka. Wasionje. Watoto wa Tabora watacheka, kwa kuwa wengi wao wanafahamu jinsi wanzuki inavyopikwa. Waambie: pombe hiyo mzee huitengeneza kwa makusudi, kiwanda kikiuza asali yenye maji mengi, huitengeneza bila kukusudia, ndani ya chupa ya mnunuzi. Ndiyo sababu kipimo cha kimataifa hakiruhusu asali ya kawaida kuwa na maji zaidi ya asilimia 20.

Kutokana na jaribio hilo, kazi zitaje zenyewe. Mkemia huamua nini kipimwe na matokeo yana maana gani. Fundi sanifu wa maabara hupima kila siku na kuandika. Mhandisi husanifu mitambo ya kuchuja na kujaza chupa. Fundi mchundo huiunga na kuitengeneza. Ofisa wa udhibiti wa ubora hutia sahihi kwamba shehena itoke au isitoke. Ofisa wa usalama hulinda macho, mapafu na mikono ya wafanyakazi. Mtafiti hutazama mbali zaidi: ni mti gani nyuki huupenda, na msitu ukikatwa asali itatoka wapi. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki, na huko Tumbi, nje kidogo ya mji, kipo kituo cha utafiti wa kilimo. Ikiwezekana, wanafunzi wapelekwe.

Kisha uendeshwe mchezo. Mwanafunzi mmoja ni mkemia. Ana karatasi iliyoandikwa "maji asilimia 23". Mwingine ni meneja wa mauzo. Amekwisha kumwahidi mnunuzi lori zima kesho asubuhi. Wa tatu ni meneja mkuu. Mara ya kwanza, mkemia yuko chini ya meneja wa mauzo na karatasi hupitia kwake. Mara ya pili, mkemia huipeleka kwa meneja mkuu moja kwa moja. Darasa lijadili: ni katika mpango upi karatasi itafika? Nimeona watoto wa miaka kumi na miwili wakibishana juu ya jambo hili mpaka kengele ikalia.

Kipindi cha nne: Somo la karanga

Mfano mkubwa wa jambo hili umo katika nchi yetu wenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 watu watatu, mmoja mtaalamu wa kilimo, mmoja meneja wa mashamba na mmoja mtu wa fedha, walitumwa kuchunguza kwa muda wa wiki tisa. Mpango uliotokana na safari hiyo ulikuwa wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Wanafunzi wazidishe wenyewe: ekari 3,210,000, sehemu kubwa kabisa katika Tanganyika. Maeneo ya Tanganyika yalikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo, magharibi ya Tabora. Kuanzia mwaka 1948 kazi ilisimamiwa na shirika la serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation.

Visanduku vya shirika hilo vilikuwa vimejaa watu. Lakini shamba dogo la majaribio halikutangulia. Sasa leta mikebe miwili ya udongo, iliyoloweshwa na kuanikwa juani tangu juzi. Ua la karanga likisha kuchavushwa, kikonyo chake huinama na kuingia ardhini, na ganda hukomaa humo. Watoto wajaribu kuchomeka kijiti, kisha kuifukua karanga, katika kila mkebe. Watakuwa wamegundua kwa dakika tano jambo lililogunduliwa Kongwa kwa gharama ya mamilioni: udongo wa mfinyanzi ukikauka huwa kama sementi. Mvua nazo hazikutosha. Kongwa iko katika upande wa Ugogo, karibu na Mpwapwa, na ukame wa Ugogo ulijulikana kwa kila mpagazi.

Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, na yapata pauni milioni 36 zikafutwa kama hasara. Urambo baadaye ikawa nchi ya tumbaku.

Maswali ya kupima

1. Taja watu wawili katika msafara ambao maarifa yao yaliweza kubadili amri ya safari.
2. Kuna tofauti gani kati ya kura ya mwenye hisa na kura ya mwanaushirika?
3. Fundi sanifu wa maabara akiandika uongo, ni nani wataumia? Taja wasiopungua watatu.
4. Kama ungekuwa katika bodi ya mpango wa karanga mwaka 1946, ungetaka kipimwe nini kabla ya kununua trekta la kwanza?

Hitimisho

Mwanachuo mwenzangu katika kazi, usiogope swali litakalovuruga mchoro wako ubaoni. Mtoto yule alikuwa ameuliza jambo ambalo wakubwa wa mpango wa karanga hawakuliuliza kwa wakati. Wa juu hujua ya chini kwa njia moja tu: awepo mtu aliyepima, apewe njia ya kusema, na asemapo asikilizwe. Laiti ningejua hivyo siku ile, nisingemwambia aketi. Ningempa chaki.