Nipe Gundi!

Vibao madukani husema, "Mali ikiuzwa hairudishwi." Wengi wetu tukivisoma hunywea. Mimi nasema tusinywee upesi.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinaanza kwa kumwachia mnunuzi macho yake: ahadi ya ubora isiyotamkwa haipo. Kisha kinatoa nafuu. Tuseme soli ya kiatu chako imebanduka. Ukisema tu "nipe gundi", ukauziwa ya karatasi, hiyo ni shauri yako. Lakini ukimweleza muuzaji, "nataka ya kubandika soli, nichagulie," na hiyo ndiyo biashara yake, yampasa akupe inayofaa kazi hiyo. Ila ukikagua kitu, ufa unaoonekana wazi huwezi kuulalamikia baadaye.

Na mwenzako wa bweni anayekuuzia redio yake kuukuu? Huyo si mfanyabiashara, kwa hivyo ikianza kukoroma usimwandame. Lakini ikiwa ni ya wizi, kifungu cha 14 kinamshika hata yeye.

Na vile vibao je? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, mwenye duka hawezi kuyafuta masharti haya kwa maandishi yake ukutani.