Mmea Wenye Mitungi

Watoto, katika darasa letu hapa Bukavu, karibu na dirisha, uko mmea wa ajabu. Asili yake si Kongo. Kwa upande wetu wa dunia, jamaa zake wa porini wako Madagaska na visiwa vya Shelisheli. Wengine wengi wako Asia. Huu wetu ulikuzwa katika chungu na mtu wa bustani, naye akatupa.

Tazameni jani lake. Ncha ya jani hurefuka kama uzi, na mwisho wa uzi huvimba ukawa mtungi mdogo wenye kifuniko. Ndani mna maji yaliyotengenezwa na mmea wenyewe. Mdudu hufuata utamu ulio mdomoni mwa mtungi, hukanyaga ukingo unaoteleza, hutumbukia. Hufa majini, huyeyuka pole pole, na mmea hunywa nguvu yake. Wengine husema kifuniko hujifunga kama mtego wa panya. Si kweli. Hakisogei, huzuia mvua isijaze mtungi.

Mfaransa mmoja, Flacourt, aliandika habari za mmea huu wa Madagaska katika kitabu cha mwaka 1658. Alisema watu wa huko waliogopa kuchuma maua yake, maana mvua ingenyesha siku ile ile. Yeye na wenzake wakayachuma. Mvua haikunyesha!

Basi, mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, mmea wetu uliugua. Ncha za majani zilikuwa nyeusi. Mitungi ilinyauka, na majani mapya yalitoka bila mitungi.

“Furere, mmea unakufa!” watoto walisema.

Tulifanya kama watu wafanyavyo kwa mgonjwa: tulitaka kuulisha. Mtoto mmoja alileta samadi ya ng’ombe. Wengine walichota maji ya ziwa Kivu kila asubuhi, wakaumwagilia. Na mimi, mtu mzima, nilitia kipande cha nyama mtungini. Nyama ilioza, ikanuka, na mtungi ukaoza pamoja nayo.

Ndipo tulipoanza kufikiri. Kwa nini mmea huu hula wadudu? Kwa sababu huota mahali penye udongo maskini, ambapo mizizi haipati chakula cha kutosha. Mizizi ya namna hiyo haiwezi samadi, huungua. Na maji je? Tuliweka sahani mbili juani, moja yenye maji ya ziwa, moja yenye maji ya mvua. Maji yalipokauka, sahani ya mvua ilikuwa karibu safi. Ile ya ziwa ilikuwa na vumbi jeupe. Ziwa letu hupokea maji ya chemchemi zilizo chini yake, zinazopita katika mawe ya volkano na kubeba chumvi nyingi. Kila asubuhi tulikuwa tunautilia mmea chumvi, nayo ikabaki chunguni.

Tuliutoa mmea chunguni, tukaosha mizizi kwa upole. Tukaupanda upya katika majani laini kama sufi yaotayo juu ya magogo msituni, tukichanganya na vipande vya makaa na mchanga mnene uliooshwa vizuri. Chini ya chungu tuliweka beseni la mawe na maji kidogo, ili hewa ya kiangazi isiukaushe. Lakini chungu kilikaa juu ya mawe, kisizame majini. Tuliuweka penye mwanga mwingi, pasipo jua kali la mchana.

Taabu ilikuwa maji. Pipa lililo chini ya mabati lilikuwa na maji ya mvua nusu tu. Tulilifunika, mbu wasizae humo, tukapima kikombe kimoja kwa siku. Hakuna aliyeruhusiwa kunawa kwa maji yale, hata mimi.

Majani meusi hayakupona. Yaliyokufa yamekufa. Lakini mwezi wa tisa, mvua iliporudi na pipa likajaa, jani jipya lilitoka, na mwisho wa uzi wake palikuwa na kitu kidogo kama punje ya haragi. Baada ya majuma kadhaa kifuniko kilifunguka. Siku ya pili siafu mmoja alipanda ukingoni, na darasa zima likaacha hesabu kumtazama.

MAULIZO
Kifuniko cha mtungi kina kazi gani?
Kwa nini samadi inayosaidia mihogo iliudhuru mmea huu?
Kaushe maji ya kisima cha kwenu katika sahani. Umeona nini?