Somo la Uraia: Michango ya Wafanyabiashara na Uchaguzi wa Madiwani

Uchaguzi wa madiwani ni mada ambayo walimu wengi huipita kwa haraka. Kazi za baraza huandikwa ubaoni, wanafunzi wakanakili, na somo likaisha. Swali la nani anayegharimia kampeni, na kwa nini, huachwa nje ya darasa. Makala haya yanaeleza njia moja ya kulifundisha swali hilo katika Darasa la Sita, kwa mfano wa mji mdogo kama Mtambile.

Maelezo kwa mwalimu

Kabla ya yote, mwalimu aielewe tofauti baina ya ukarimu na rushwa. Mgeni hukaribishwa kwa kilichopo, wala hadaiwi kitu baadaye. Mwaka 2000 Bunge la Muungano lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ili takrima, yaani ukarimu wa kimila unaofanywa kwa nia njema, isihesabiwe kuwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake walifungua shauri, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na mali. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili michango ielezwe na matumizi yawekewe kikomo. Madiwani wa Zanzibar huchaguliwa chini ya Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar na sheria zake. Hata hivyo, jambo la kufunzwa ni lile lile.

Shabaha

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze kueleza jinsi mchango wa kampeni unavyoweza kugeuka deni, na kutaja anayelilipa.

Hatua ya kwanza: igizo

Wanafunzi watano wawe madiwani wa mji wa kubuni. Baraza linatafuta mtu wa kusafisha soko. Bwana wa kwanza anataka shilingi 300,000 kwa mwezi. Wa pili anataka shilingi 450,000 kwa kazi ile ile. Kabla ya kura, mwalimu awape madiwani watatu vikaratasi vyenye maneno haya: "Bwana wa pili alilipia gari, vipaza sauti na fulana za kampeni yako." Jumla ya michango yake ni shilingi 900,000. Baraza lipige kura, na darasa litazame.

Hatua ya pili: hesabu

Vikaratasi visomwe sasa kwa sauti. Wanafunzi watafute tofauti ya bei: shilingi 150,000 kila mwezi. Kwa miezi sita mfadhili amekwisha kurejeshewa mchango wake wote. Kwa muhula wa miaka mitano, yaani miezi 60, mji umelipa ziada ya shilingi 9,000,000, mara kumi ya kile kilichotolewa. Mwalimu aulize: fedha hizi zimetoka wapi? Asiwape jibu. Wataufikia wenyewe ushuru wa muuza samaki na muuza mboga.

Hatua ya tatu: majadiliano

Darasa lipime kila mchango kwa maswali matatu. Je, ungetolewa kama hapangekuwa na uchaguzi? Je, mtoaji yu tayari ujulikane kwa watu wote? Je, anatazamia kazi, leseni au kiwanja kutoka kwa baraza? Wanafunzi watambue pia kwamba si kila mfanyabiashara achangiaye ana nia mbaya; wako wanaounga mkono fikra tu. Ndiyo maana uwazi unatakiwa: wananchi wapate kupima wenyewe.

Tahadhari

Mwalimu asitaje chama, mgombea wala tajiri wa mahali hapo. Kisiwani Pemba siasa imewahi kutenganisha jamaa na majirani, na skuli ni ya watoto wa wote. Aidha, asiwaulize wanafunzi kama wazazi wao walipokea sukari au khanga. Mtoto atakayerudi nyumbani akimwonea haya mama yake hakufunzwa uraia. Afundishwe kwamba aliyepokea angali na kura yake, na kwamba kura hiyo ni siri.

Zoezi

1. Eleza tofauti baina ya takrima, sadaka na rushwa.
2. Tunga kanuni mbili ambazo zingelizuia baraza la igizo kumpendelea mfadhili.