Punda Huishi Miaka 30, Mchango Je?

Swali: Kikundi chetu huokoa punda waliotelekezwa. Mwaka wa kwanza michango ilimiminika. Huu wa tatu tunadaiwa hata nyasi. Tulikosea wapi?

Jibu: Mlihesabu punda, hamkuhesabu miaka yao. Punda akitunzwa vizuri hupita miaka 30. Mfadhili huguswa na kidonda anachokiona pichani, akatoa siku hiyohiyo. Kidonda kikipona, mfadhili hana tena habari, na punda bado anakula. Kabla ya kumpokea yeyote, jumlisheni lishe, kukata kwato, dawa za minyoo na daktari kwa mwaka mmoja, kisha zidisheni kwa miaka aliyobakiza. Hilo ndilo deni mnalolikubali siku anapoingia.

Swali: Wapo waliolemewa hivyo wakavuka?

Jibu: Wapo. Elisabeth Svendsen alianzisha The Donkey Sanctuary huko Uingereza mwaka 1969. Mwaka 1974 Violet Philpin, aliyekuwa na hifadhi yake ya punda, alifariki akamwachia Svendsen wasia wa punda 204. Shirika changa likajikuta na matumbo 204 ya kulisha! Lilisimama, na leo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na wasia wa fedha. Ila wasia hauna tarehe. Msipange mshahara wa mchungaji kwa fedha za mtu aliye hai.

Swali: Sisi hatuna wa kutuachia wasia.

Jibu: Basi tazameni Lamu. Tangu 1987 shirika hilohilo linatibu bure punda wa wenyeji, na kuwapa dawa za minyoo. Punda akishatibiwa hurudi kwa mwenyewe, anayemtegemea kubeba mchanga na mawe vichochoroni, na mwenyewe ndiye anayemlisha. Shirika hulipia tiba, halibebi chakula cha maisha yote. Kwa maoni yangu, kikundi kidogo kianzie hapo. Zizi libaki la wale wasio na mtu kabisa.

Swali: Akiba iwe kiasi gani?

Jibu: Matumizi ya miezi sita, katika akaunti ya peke yake. Ikipungua, simamisheni kupokea. Inauma, najua, lakini punda waliomo zizini mlishawaahidi chakula. Na wafadhili wapelekeeni hesabu kila mwaka, deni la nyasi likiwemo.