Chupa ya Dodoma kwenye meza ya Voi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Wundanyi. Mwezi ujao mimi na mke wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumekubaliana kuwapeleka wazazi wake wakale chakula cha jioni katika hoteli moja ya Voi. Kaka yangu anafanya kazi Moshi. Alipokuja likizo alipitia Holili na Taveta, akaniletea chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma na kuniambia tuifungue siku hiyo. Hoteli yenyewe huuza mvinyo, lakini chupa yao ya bei ya chini ni shilingi 3,500, na mshahara wa mwalimu unaujua. Mke wangu anasema tuitie chupa kwenye mkoba wake, tumiminiane kidogo kidogo chini ya meza. Kaka anasema mteja ndiye anayelipa, kwa hivyo niiweke mezani waziwazi na atakayeuliza nimjibu. Baba mkwe hunywa kidogo. Mama mkwe yuko katika Muungano wa Kina Mama kanisani na hajawahi kuonja pombe. Naogopa kuaibika mbele yao. Nifanyeje?
Mume Mwenye Chupa, Wundanyi

Marahaba mwanangu, na hongereni. Miaka kumi si mchezo.

Kwa hili usimsikilize mkeo wala kaka yako. Mpigie simu meneja wa hoteli siku tatu nne kabla ya siku yenyewe. Mwambie mnakuja watu wanne kula, mna chupa moja ya mvinyo mliyozawadiwa, na ungependa kujua kama wanaruhusu ifunguliwe hapo na wanatoza ngapi. Akikataa, usibishane, chupa ibaki nyumbani. Akikubali, nusu ya hofu yako imekwisha. Mengine yote nitakayosema yanategemea simu hiyo.

Nianze na mkoba, maana naona ndio unaokuvutia zaidi. Watu wazima wawili wakiwa wanainamia chini ya meza kila baada ya dakika kumi wataonekana tu, na wa kwanza kuwaona hatakuwa weita. Atakuwa mama mkwe, aliyekaa mkabala nanyi bila glasi ya kumshughulisha. Halafu mfikirie baba mkwe. Mzee ambaye angekunywa glasi yake kwa heshima zake anageuzwa mshirika wa magendo uzeeni, na hakuna aliyemuuliza. Meneja akiitwa mezani, utajitetea kwa lipi? Utasema ni zawadi? Zawadi haifichwi mkobani.

Isitoshe, hoteli hiyo inaishi kwa kuuza vinywaji. Mwenye hoteli yeyote atakwambia kwamba nyama na wali huleta watu, lakini vinywaji ndivyo vinavyosaidia kulipa kodi ya nyumba na mishahara. Tangu Katiba ya 2010, leseni za pombe ni kazi ya serikali za kaunti. Mwenye hoteli ya Voi hulipia yake kwa Kaunti ya Taita Taveta, na bado anabanwa na ile sheria ya pombe ya mwaka huohuo ambayo wengi tunaiita ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Wewe unakuja na kinywaji chako, unakalia kiti chake, unatumia glasi zake na barafu yake, na glasi ikivunjika ni hasara yake. Si vibaya kumwomba akuruhusu. Vibaya ni kujiruhusu mwenyewe.

Ndiyo maana hoteli nyingi zinazokubali chupa ya mgeni hutoza ada, ile wanayoiita kokeji. Usiichukulie kama faini. Kila hoteli hujipangia kiwango chake, kwa hivyo uliza mambo mawili kwenye simu: kama ada ni ya chupa au ya kila kichwa, na kama glasi na kufunguliwa vimo ndani yake. Hapo fanya hesabu ya mwalimu. Ikiwa ada inaikaribia bei ya chupa yao, Dodoma ibaki kabatini muinywe wawili nyumbani Jumapili, na hotelini uagize glasi moja moja kwa wanaokunywa. Hilo halitakufilisi, wala hakuna atakayekuona bahili. Na unaweza kubembeleza. Meneja akisikia mnaagiza chakula kamili cha watu wanne, pamoja na sharubati na soda za hapo hapo, huenda akapunguza au akasamehe kabisa. Lakini anayesamehe ni yeye. Wewe usiombe kana kwamba ni haki yako.

Kaka yako huenda amesikia kwamba huko nje watu huingia mkahawani na chupa kwapani na hakuna anayeuliza. Ni kweli, ila habari ina kichwa chake. Australia, hasa Melbourne, desturi hiyo ilishika katika miaka ya 1960 kwa sababu leseni ya kuuza pombe ilikuwa ngumu kupatikana, basi mikahawa isiyo na leseni ikawaacha wateja waje na vyao. New Zealand nayo ilianza kutoa leseni maalumu ya mikahawa ya namna hiyo mwaka 1976. Kule mgeni alikuwa anajaza pengo. Hoteli yako ya Voi haina pengo. Ina orodha ya mvinyo yenye bei zake, hata kama bei hizo zinakuuma.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni stempu. Chupa iliyonunuliwa Tanzania haina stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Kaka yako hakufanya kosa: kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, msafiri mtu mzima anaruhusiwa kuvuka na mvinyo usiozidi lita 2 kwa matumizi yake bila kulipa ushuru, na chupa moja haifiki hata lita. Lakini ikishakuwa juu ya meza ya hoteli, chupa hiyo inaonekana kama mali ya hoteli. Afisa wa ukaguzi akiingia jioni hiyo, akapitisha simu yenye programu ya Soma Label pale panapopaswa kuwa na stempu na asione kitu, atakayeulizwa kwanza ni meneja. Kwa hivyo mwambie mapema kwamba chupa ni ya Dodoma na imetoka Moshi. Huenda kwa sababu hiyo tu akakataa, naye atakuwa na haki. Akikubali, mkimaliza ondoka na chupa tupu. Usiiache kwenye kreti zao ije iwasumbue baadaye.

Sikutajiwa hoteli gani, na hilo lina uzito. Voi ni mji wa barabara kuu na wa reli, na sehemu nyingi nzuri za kula, zile za biriani na pilau, ni za Waislamu. Huko usipige hata simu. Usijidanganye kwamba kwa kuwa ni chupa yako na wao hawauzi, haiwahusu. Nyumba ni yao na pombe haiingii. Hata katika hoteli yenye leseni unaweza kupata weita Mwislamu ambaye asingependa kuigusa chupa. Mpokonye kazi hiyo bila maneno: fungua mwenyewe, mimina mwenyewe, na bahashishi yake umpe kamili.

Sasa tuseme meneja amekubali. Mvinyo wenyewe unataka uangalizi, maana unashuka nao kutoka milimani. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zabibu nyekundu inayojulikana zaidi kule inaitwa Makutupora, jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu karibu na mji. Soma lebo kabla hujaibeba. Ikiwa ni mvinyo mtamu, hautapatana na mbuzi choma; uufungue baadaye, wakati wa matunda. Ikiwa hauna sukari, mbuzi na mvinyo huo wataelewana vizuri kabisa.

Na joto je? Utasikia watu wakisema mvinyo mwekundu hunywewa katika joto la chumba. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa na vyumba vya Ulaya, vya nyuzi 16 hadi 18. Sebule yako ya Wundanyi usiku inaweza kukaribia hapo. Voi haikaribii, mchana kipimajoto hupita 30, na jioni kuta bado zinatoa moto. Mvinyo wa joto hilo hunusa spiriti na huchoma koo, kisha watu wanalaumu Dodoma bure. Usiiache chupa kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani mkizunguka sokoni. Izungushie gazeti lililoloweshwa maji, iweke chini ya kiti, na mkifika omba ikae kwenye friji nusu saa. Weita akishangaa kwa nini mvinyo mwekundu unapozwa, mwambie ni maagizo ya Shangazi.

Beba pia kizibuo chako, kama chupa haina kifuniko cha kusokota kwa mkono. Hoteli nyingi za miji yetu zina opena ya bia na soda, basi. Nisingependa baba mkwe aone kizibo kikisukumwa ndani kwa mpini wa kijiko.

Nimemweka mama mkwe mwisho kwa sababu yeye ndiye mwenye neno la mwisho, kumzidi hata meneja. Huko kwenu kinywaji mbele ya wazee si jambo geni. Wataita wana kutasa, ambapo mzee hutia kinywani maji ya miwa au pombe, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuondoa hasira moyoni na kuomba heri. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu ya hilo, kikatoka mwaka 1978. Lakini pia misheni ya Kianglikana ya CMS ilifika Sagalla mwaka 1883, na tangu hapo kuna familia ambazo mtu wa kanisa na chupa hawaketi meza moja. Mama mkwe wako amelelewa hivyo. Usimchekeshe kwa kumwambia kwamba hata kwenye ushirika mtakatifu kuna divai. Ameusikia utani huo kabla hujazaliwa, na haukumchekesha hata mara ya kwanza.

Mke wako ndiye wa kuzungumza naye, si wewe. Amwambie siku chache kabla: "Mama, shemeji yangu ametuletea mvinyo, tungependa baba aonje, wewe utakuwa na sharubati yako. Utakuwa na amani?" Mama akinyamaza sana, hilo ni jibu, na chupa isitoke Wundanyi hata kama meneja alikwisha kukubali. Akisema hamna neno, basi yeye ahudumiwe kwanza: sharubati yake ifike kabla kizibo hakijatoka, tena kwenye glasi nzuri kama zenu. Chupa ikae upande wa baba mkwe, si mbele ya mama. Mkigonganisha glasi, yake nayo igonganishwe. Mwone kama mgeni wa heshima wa jioni hiyo, maana bila yeye usingekuwa na mke wa kusherehekea naye.

Chupa ya mililita 750 hutoa kama glasi tano. Wanywaji mko watatu, kwa hivyo hakuna atakayelewa, ila anayeendesha gari asiguse hata moja. Kona za kupanda kutoka Mwatate hadi Wundanyi usiku hazina mzaha. Kama wewe ndiye dereva, baba mkwe atakufurahia zaidi ukimwachia sehemu yako.

Kaka yako umpigie baada ya karamu, umweleze mvinyo ulikuwaje na nani aliusifu. Alitaka mfurahi, ingawa ushauri wake haufai.

Nanyi wenye hoteli za Voi, Mwatate na Taveta, nina ombi. Barabara ya lami na mpaka wa Holili vinawaletea wageni wenye chupa za Dodoma kwenye mizigo, na wataendelea kuja. Andikeni kwenye menyu, chini ya orodha ya vinywaji, kama mnaruhusu chupa ya mgeni na mnatoza ngapi. Mstari mmoja tu unatosha. Mwalimu wa Wundanyi asilazimike kuniandikia mimi ili ajue bei yenu.