Joho na Vitabu

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Timotheo 4:6–21, Yeremia 15:10–21, Danieli 9:1–4, Nehemia 8:1–12, Warumi 15:4.

Fungu la kukariri: Yeremia 15:16.

Wazo kuu: Kusoma hakuishi na shule wala na kazi. Ni chakula ambacho Mungu humlishia mtu hata katika siku zake ngumu.

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu aliyehitimu shule husemwa kuwa “amemaliza kusoma.” Maneno ni machache, lakini yamewafundisha wengi kwamba kusoma kuna mwisho. Cheti kikishapatikana, karatasi za madaftari hufungiwa karanga na vitabu hupewa wadogo. Kanisani nako, lesoni mara nyingi hufunguliwa Sabato asubuhi ili majibu yapatikane kabla darasa halijaanza, na Biblia husomwa kwa bidii na yule mwenye zamu ya kuhubiri. Vitabu vilivyonunuliwa kwa mwinjilisti wa vitabu hubaki kabatini vikiwa bado ndani ya nailoni.

Kusoma kwa ajili ya mtihani au hubiri si kubaya. Lakini mtu asiye na mtihani wala hubiri mbele yake, asome ili apate nini?

Mfungwa aliyeagiza vitabu

*Soma 2 Timotheo 4:6–21. Paulo yuko katika hali gani, na anaagiza aletewe nini?*

Paulo anajua kwamba mwisho wake umekaribia. Dema amemwacha, na aliyebaki naye ni Luka peke yake. Majira ya baridi yanakuja, naye anamwomba Timotheo afike mapema. Katika hali hiyo anaagiza joho alilomwachia Karpo kule Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi.

Joho linaeleweka, kwa kuwa baridi ya gerezani haina huruma. Lakini vitabu ni vya nini kwa mtu anayekaribia kufa? Barua haisemi vilikuwa vitabu gani. Inachoonyesha ni kwamba Paulo aliviweka katika agizo moja na joho. Mwili ulihitaji kufunikwa, na nafsi nayo ilikuwa na hitaji lake. Hakusema, “Nimemaliza kusoma,” ingawa mwendo alikuwa ameumaliza.

Maktaba ya Mwitongo

Mkoani Mara, katika kijiji cha Butiama, pako mahali paitwapo Mwitongo. Ndiko yaliko makazi na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule huko Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Wageni wengi huenda kuona kaburi, na wengine hushangaa kukuta pia maktaba kubwa. Mzee huyo aliishi na vitabu.

Akiwa rais wa nchi changa yenye kazi nyingi, alipata nafasi ya kuitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na baadaye *Mabepari wa Venisi*, mwaka 1969. Aliachia urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Cheo kiliisha, lakini kusoma hakukuisha. Mwaka 1996, mwaka aliotimiza miaka 74, zilichapishwa tenzi zake za Injili nne na za Matendo ya Mitume.

Nyerere alikuwa Mkatoliki, na tenzi zake hazichukui nafasi ya Maandiko. Hata hivyo, kazi ile ina funzo kwa kila msomaji wa Biblia. Mtunzi wa utenzi hawezi kupita juu juu. Kila mshororo una mizani 8 na vina vyake. Ili aipange habari ya Yesu humo, lazima alirudie fungu, alipime neno, alitafute jingine, kisha arudi tena kwenye fungu. Anayesoma hivyo anatafuna.

*Ni sura gani ya Biblia uliyowahi kuisoma polepole hivyo? Ilikuachia nini?*

Utamu ambao haufuti uchungu

*Soma Yeremia 15:10–21. Linganisha fungu la 16 na fungu la 18.*

Yeremia anashuhudia kwamba aliyala maneno ya Mungu, nayo yakawa furaha ya moyo wake. Wengi huishia hapo. Lakini fungu la 10 linaonyesha nabii akisikitika kwamba alizaliwa, na katika fungu la 18 bado anauliza kwa nini jeraha lake haliponi. Alikula, akafurahi, na bado aliumia.

Jambo hili ni la kuwaambia waliofiwa. Mara nyingine ndugu humpa mjane fungu moja la faraja, wakitarajia alisome na kufuta machozi papo hapo. Asipotulia, huonekana kuwa hana imani. Chakula hakifanyi kazi hivyo. Mtu aliyefiwa hula leo, na kesho hula tena, si kwa sababu huzuni imekwisha, bali ili apate nguvu ya kuibeba. Warumi 15:4 huunganisha faraja ya Maandiko na saburi, na saburi huhitaji muda.

Wala faraja ya kweli haimlazi mtu usingizi. Danieli alipochunguza vitabu na kukuta miaka 70 iliyotajwa na Yeremia, alikuwa na sababu ya kushangilia. Badala yake alifunga, akavaa magunia na kuungama (Danieli 9:1–4). Tumaini lilimpigisha magoti.

Wapelekeeni na wasio na kitu

*Soma Nehemia 8:1–12. Watu walifanya nini baada ya kuelewa yaliyosomwa?*

Ezra alisoma tangu mapambazuko hata adhuhuri. Watu walilia, wakaambiwa wasihuzunike, bali wale, wanywe, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Meza ya Neno ilizaa meza ya chakula, na zote mbili zilikuwa za kugawana.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika madarasa ya kisomo, yale ya “ngumbaro,” wazazi walikaa kwenye madawati ya watoto wao wakajifunza kusoma. Baadhi ya waliojifunza enzi hizo leo ni mabibi na mababu. Herufi wanazijua, lakini macho hayazioni tena. Wengine hawakupata nafasi hiyo kabisa. Darasa linaloambiwa tu “kila mtu akasome nyumbani” huwaacha hao na njaa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kijana mmoja, kitabu kimoja, na nusu saa mara mbili kwa juma nyumbani kwa mzee. Asome kwa sauti, taratibu, arudie atakapoombwa. Mara nyingi atakayeshiba zaidi ni yule anayesoma.

Maswali ya kujadili

1. Kama ungekuwa mahali pa Paulo, ungeagiza uletewe kitabu gani pamoja na joho? Kwa nini?
2. Ni kwa namna gani mtu anaweza kusoma sana na bado nafsi yake ikabaki na njaa?
3. Tutamsaidiaje mfiwa kwa Neno bila kumharakisha?
4. Tajeni washiriki wa kanisa lenu wasioweza kusoma wenyewe. Nani atakwenda kwa nani kabla ya Sabato ijayo?