Kiota Njiani na Punda wa Ndugu Yako



Leo tusome Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ni aya mbili tu, na wengi tunazipita bila kusimama. Mtu anatembea, anakuta kiota cha ndege, mama amelalia mayai au makinda. Mungu anamruhusu kuchukua makinda, lakini mama lazima amwache aende. Basi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kidogo. Yaani Mungu aliyegawanya bahari ana muda wa kutunga sheria ya kiota?

Lakini tazama ahadi iliyowekwa mwishoni: anayetii atapata heri na siku zake zitakuwa nyingi. Hiyo ndiyo ahadi tunayoikuta katika amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama (Kum 5:16). Kiota cha ndege kimepewa ahadi moja na wazazi wetu! Mimi nilianza kuielewa nikiwa Watamu, pwani ya Kenya, nilikokwenda kujitolea wiki tatu katika kituo kinachotibu kasa wa baharini.

Niseme ukweli, nilikwenda na picha yangu kichwani: jua linazama, mimi nimepiga magoti mchangani, kasa anarudi baharini. Statasi safi kabisa. Siku ya kwanza nikapewa brashi na ndoo. Nilisugua ukoga kwenye matangi mpaka mgongo ukauma, na kesho yake vilevile. Kulikuwa na kasa mmoja aliyekuwa anaelea tu, hawezi kupiga mbizi. Alikuwa amemeza plastiki, utumbo ukaziba, gesi ikajaa ndani. Kasa wa namna hiyo anaweza kukaa matibabuni kwa miezi. Huwezi kumharakisha kwa sababu nauli yako ya kurudi ni Jumamosi.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ya kasa. Jike hutaga mayai mia moja hivi au zaidi kwenye shimo moja, yanakaa mchangani karibu miezi miwili, na katika watoto wote wanaokimbilia maji ni wachache mno wanaofikia utu uzima. Wanaofika wamechukua miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Kwa hiyo ukimchinja jike aliyepanda ufukweni kutaga, hujachukua kitoweo cha siku moja tu. Umefunga mlango ambao ulichukua miongo kufunguka. (Siku hizi sheria ya Kenya inakataza kugusa mama wala mayai, na kwa hali ilivyo ni sawa.)

Sasa kosa langu. Asubuhi moja simu ikapigwa: mvuvi amekuta kasa kwenye jarife lake. Tulimkuta mzee ameketi kando ya mashua, kasa amefunikwa gunia bichi asichomwe na jua. Badala ya kusema shikamoo nikaanza kuhubiri. Nikamwambia kasa anavuta hewa kama sisi, akinaswa chini anakufa maji, kwa nini wanatega nyavu kama hizi? Mzee akanitazama, akasema taratibu, “Mwanangu, wavu nimeukata mwenyewe ili asiumie. Leo sina samaki, na kesho sina wavu.”

Nilitazama lile jarife. Lilikuwa na tundu ambalo mtu angepita. Yeye ndiye aliyemwokoa kasa. Mimi nilikuja na gari.

Usiku ule nikarudi kwenye sura ileile na kusoma kuanzia juu. Aya ya 4, kabla kidogo ya kiota, inasema ukimwona punda au ng'ombe wa ndugu yako ameanguka njiani, usijifiche, msaidie kumwinua. Angalia vizuri: punda ana mwenyewe. Huwezi kumwinua mnyama huku unamruka ndugu aliyesimama pale na mzigo wake umemwagika. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 68, anaziweka aya hizi mbili pamoja, ile ya punda na ile ya kiota. Nilikuwa nimesoma namba hiyo kwenye semina ya vijana, nikaipigia mstari kabisa, na haikuwa imeniingia.

Kasa yule hakuwa na jeraha kubwa. Alipimwa uzito na urefu wa gamba, akawekwa kibandiko cha namba kwenye pezi, akarudishwa baharini. Sikupiga picha. Jumapili baada ya Misa nilikwenda na mwenzangu mmoja kwa yule mzee, safari hii nikaanza na shikamoo, nikaomba radhi, tukakaa naye kushona wavu. Alinifundisha fundo. Nililifunga mara kumi na mbili hivi, na kila mara akalifungua bila neno akalifunga upya.

Kwa jumuiya zenu wiki hii: someni Kum 22:1-8 kwa sauti, polepole. Kisha kabla ya kupanga siku ya kuokota taka ufukweni au kupanda mikoko, kila mmoja ataje mtu mmoja anayeishi kwa bahari hiyo au mto huo, na aseme lini mara ya mwisho alimsalimia.